Ni mshipa uliouharibu ubongo, au ni ubongo uliopotosha mshipa?

MkulimaWaNjoro (mleta uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Dada yangu mdogo alijifungua binti hapa Nakuru miezi minne iliyopita, na mtoto alizaliwa mzima, ngozi yake safi kabisa. Siku ya tisa tuliona doa la waridi karibu na jicho la kushoto, dogo kama mahali palipokunwa baada ya kuumwa na mbu, na hakuna aliyelijali. Kufikia wiki ya sita lilikuwa limetambaa kutoka kwenye nywele hadi shavuni, limevimba, rangi yake ni ile ya ganda la tunda damu lililoiva, na ukiligusa unahisi joto. Daktari alilipima kwa rula akapata sentimita 7. Kisha akasema jambo lililotuduwaza: kwamba hataanza dawa mpaka mtoto apigwe picha ya MRI ya kichwa na shingo, afanyiwe eko ya moyo na achunguzwe macho, kwa sababu alama kubwa ya namna hii mara nyingine huandamana na mishipa ya damu iliyoumbika vibaya, na pia na sehemu ya nyuma ya ubongo isiyokua inavyopaswa.

Siulizi habari za tiba, kwani daktari tunaye na tunamwamini. Ninachouliza ni hiki: ngozi ya shavu imejuaje habari za ubongo ulio kisogoni? Kati ya mshipa na ubongo, ni kipi kilichoanza kuharibika kikakiponza kingine? Nauliza kwa sababu nyumbani mama mkwe wa dada ameshatoa hukumu yake, nayo haimfurahishi mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe.

SistaWaZamu

Pole kwa dada yako, na mpongeze daktari huyo kwa niaba yangu, maana wengi wangempa dawa siku hiyo hiyo wakamrudisha nyumbani. Nimefanya kazi katika wodi ya watoto wachanga Kisumu kwa miaka 11, na maelezo yako yanafanana na sindromu iitwayo PHACE. Jina hilo lilitungwa mwaka 1996 na Ilona Frieden na wenzake kule Marekani, na kila herufi inasimamia sehemu moja kwa Kiingereza: kasoro za ubongo katika chumba cha nyuma cha fuvu, hemanjioma ya usoni, kasoro za ateri, kasoro za moyo na aota (mshipa mkuu utokao moyoni), na kasoro za macho. Si kila mtoto huwa na zote tano. Miongoni mwa watoto wenye hemanjioma kubwa usoni, takriban theluthi moja ndio hukutwa na sindromu yenyewe, na wasichana ni wengi kuliko wavulana kwa mbali sana, bila mtu yeyote kuweza kueleza vizuri ni kwa nini.

Hemanjioma yenyewe ni uvimbe wa seli za mishipa midogo ya damu. Huchipuka katika wiki za kwanza, hukua kwa kasi miezi kadhaa, halafu hunywea polepole kwa miaka. Kwa hivyo mlichokiona siku ya tisa ndicho kinachotarajiwa. Mtoto hakuumwa na kitu.

FundiWaKondele

Sista, huo ni ugonjwa ule ule wa jirani yangu hapa Kondele. Kijana ana miaka 19, nusu ya uso wake ni nyekundu iliyokolea tangu kuzaliwa, na ana kifafa. Mjomba wake naye ana alama nyekundu shingoni, kwa hivyo ni jambo la ukoo. Mleta uzi aanze kuuliza upande wa baba ya mtoto.

SistaWaZamu

Hapana, Fundi, na kosa hili hata sisi wa wodini hulifanya. Alama ya jirani yako ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ni bapa, haivimbi wala hainywei, bali hukua sambamba na mwenyewe. Hiyo ni sindromu ya Sturge na Weber. William Sturge aliieleza mwaka 1879 jijini London baada ya kumwona msichana mwenye alama ya namna hiyo upande mmoja wa uso na degedege upande wa pili wa mwili, akakisia, bila kumfungua fuvu, kwamba alama kama ile ya ngozini lazima iwe imelala juu ya ubongo wake pia. Alikisia sawasawa.

Alama ya mjomba ni jambo jingine tena. Watoto wengi sana huzaliwa na wekundu kwenye ukosi, na hauna uhusiano wowote na ubongo. Tusimtume mtu kwa wakwe kuuliza maswali ya shari.

MamaMapacha

Nimeusoma uzi huu nikiwa na pande zote mbili za hoja ya Fundi ndani ya nyumba yangu. Nina mapacha wa kufanana, Apiyo na Adongo, wenye miaka saba sasa. Apiyo ana alama bapa kutoka kipaji cha uso hadi kope la juu la jicho la kulia; Adongo hana hata doa. Apiyo alipokuwa na miezi mitano, mkono wake wa kushoto ulianza kurukaruka peke yake, kwanza vidole viwili, kisha kiganja, kisha bega. Nilimkimbiza kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, na mhudumu wa kwanza aliyetupokea hakuuliza habari za mkono. Aliuliza ni nani aliyemmwagia mtoto chai. Aliandika kwa kalamu nyekundu katika kijitabu cha kliniki kwamba mtoto ana kovu la moto, na kurasa hizo ninazo hadi leo, kwa sababu kila mara tulipohamishiwa mahali pengine nililazimika kuanza kwa kuzikanusha.

Sasa, Fundi, watoto hawa wametoka kwenye yai moja. Kama ni ukoo, mbona Adongo amepona? Na tafadhali, mwenye mtoto wa aina ya Apiyo asisahau kupima presha ya jicho la upande wa alama. Sisi tuliambiwa tukiwa karibu kuchelewa.

MwalimuWaLurambi

Mama Apiyo, swali lako lilipata jibu mwaka 2013, na ni mojawapo ya majibu safi kabisa katika elimu hii. Watafiti walichunguza ngozi na ubongo wa watu wenye Sturge na Weber wakakuta badiliko la herufi moja tu katika jeni iitwayo GNAQ. Badiliko hilo liko katika sehemu zilizoathirika, si mwili mzima, na wazazi hawana. Maana yake ni kwamba lilitokea mimba ikiwa tayari imetungwa, katika seli moja iliyokuwa njiani kuzaa ngozi ya uso, jicho na utando wa ubongo wa upande ule ule. Mapacha wakiwa wameshatengana, seli ya mmoja hubadilika na ya mwenziwe ikabaki kama ilivyokuwa. Hakuna aliyerithi, na hakuna atakayerithishwa.

Ninafundisha bayolojia sekondari, si daktari, lakini nitathubutu kumjibu mleta uzi. Swali lake, «ngozi imejuaje habari za ubongo», lina jibu katika kiinitete, yaani mtoto wa wiki za kwanza tumboni. Ngozi na ubongo hutoka katika tabaka moja la nje. Tabaka hilo linapojikunja kuwa bomba la neva, seli fulani hubanduka kwenye kingo za bomba na kuhama, zikaenda kujenga mifupa ya uso na hata kuta za ateri za kichwani. Wataalamu huziita seli za kilele cha neva. Zikipata hitilafu kabla ya kuhama, zitaibeba hadi kila zitakapofika, na wewe miezi kadhaa baadaye utaona kasoro tatu mahali patatu ukadhani ni magonjwa matatu.

Jambo hili lilionekana kwa macho kwa kutumia kware na kuku. Nicole Le Douarin wa Ufaransa aligundua kwamba kiini cha seli ya kware kina doa jeusi ambalo kiini cha seli ya kuku hakina. Ukikata kipande cha kilele cha neva cha kiinitete cha kware ukakipandikiza katika kiinitete cha kuku, unaweza kufuata kwa darubini kila mahali seli za kware zilikokwenda. Mwaka 2001 Heather Etchevers, pamoja na Le Douarin na wenzao, walionyesha kwamba kuta za mishipa ya uso na ya ubongo wa mbele zilijengwa na kware. Kwa hiyo mshipa haukuuharibu ubongo, wala ubongo haukuuharibu mshipa. Wote ni watoto wa mama mmoja aliyeugua.

NyakachHalisi

Mwalimu wa Lurambi ameufikisha uzi kwa kuku kabla ya ukurasa wa pili, nasi tulijua tangu alipojitaja anatoka kwa Waluhya wapenda kuku. Ila napinga mgawanyo wa heshima: kuta za mishipa zilijengwa na aluru, yaani kware, kuku alikuwa mwenye nyumba tu. Sisi tunaotega aluru tumekuwa tukisema ndege huyo ana akili, na sasa Ufaransa imethibitisha.

BabuWaMenengai

Mnazunguka mbuyu. Sisi wa Nakuru tunamjua adui wetu, naye ni maji. Floraidi ya visima vya huku imeyatia meno yetu rangi ya kahawia kizazi hata kizazi, na watu wazima wengine mifupa imewapinda. Kitu kinachopenya hadi kwenye jino ambalo bado liko ndani ya ufizi kitashindwaje kupenya hadi kwa mtoto tumboni? Mkulima atuambie dada yake alikuwa akinywa maji ya wapi.

NyakachHalisi

Mzee, kuhusu meno tunakuamini. Picha yako ya wasifu ni ushahidi tosha.

SistaWaZamu

Babu, kwa heshima zote, floraidi inapozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, kwa miaka mingi, hudhuru meno na mifupa, na Bonde la Ufa lina visima vinavyokipita kiwango hicho kwa mbali. Lakini hemanjioma za usoni zinaonekana vilevile Kisumu, Ulaya na Marekani, kwa watu wasiowahi kuonja maji ya Nakuru. Tena kasoro hizi kwa kawaida huwa za upande mmoja: alama ikiwa kushoto, ateri ni ya kushoto, ubongo ni wa kushoto. Maji yangechagua upande?

PichaNaKivuli

Ninapiga picha za MRI na CT Eldoret, kwa hivyo nimekaa kimya nikifurahia kuku wa Mwalimu, lakini hapa mbele naona ameteleza. Jaribio alilolitaja linasema kuta za mishipa ya uso na ya ubongo wa mbele hutokana na kilele cha neva. Mishipa ya ubongo wa nyuma kuta zake hutoka katika tabaka la kati, si kwenye kilele. Na katika PHACE, sehemu inayopunjwa zaidi ni serebela, ile sehemu ya nyuma inayotunza mizani ya mwili. Kwa hiyo maelezo yake yanatosha kwa shavu, kwa jicho na kwa ateri ya shingo, halafu yanakwama hasa pale ambapo mleta uzi ameuliza.

Mimi niko upande wa mshipa. Tazameni ratiba. Kiinitete kikiwa na urefu wa milimita tano hivi, sawa na punje ya mchele wa Ahero, ubongo wake wa nyuma bado hauna ateri zake kamili. Unalishwa kwa mifereji ya muda inayotoka katika ateri ya karotidi, ile kubwa ya shingoni, na mkubwa wao ni ateri ya trijemina, ambayo hudumu kwa takriban wiki moja kisha hufungwa mishipa ya shingo ya nyuma inapokomaa. Karotidi ya upande mmoja ikiwa mbovu wiki hiyo, serebela ya upande huo inakosa chakula katika siku ambazo ilikuwa ikianza kujijenga. Hii ndiyo sababu upande hulingana. Na mara nyingi katika picha za watoto hawa tunaikuta ile ateri ya muda ikiwa bado ipo, kama jukwaa la mafundi lililosahaulika ukutani nyumba ikiwa imeshahamiwa.

Ushahidi mwingine ni watoto wanaozaliwa na hali ambayo nusu zote mbili za ubongo mkubwa zimegeuka mfuko wa maji, huku serebela na shina la ubongo yakiwa salama. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba karotidi zote mbili ziliziba mtoto akiwa tumboni, na sehemu zilizosalia ni zile zinazolishwa na mishipa ya nyuma. Mpaka wa uharibifu unafuata ramani ya mishipa. Ukiiona picha kama hiyo mara moja hutaisahau.

MwalimuWaLurambi

Nimekubali kosa la mishipa ya nyuma, na nashukuru. Lakini umenisaidia bila kukusudia. Umesema ateri ya trijemina hutoka katika karotidi, na ukuta wa karotidi unajengwa na nani? Na kilele cha neva. Kwa hiyo mzizi bado ni ule ule. Pia kuna watoto wenye sindromu hii ambao serebela yao ni ndogo ilhali ateri zote katika picha zimepita salama. Njaa ya damu iko wapi hapo?

PichaNaKivuli

Picha ya mtoto wa miezi minne haiwezi kukuonyesha mshipa uliokuwa mwembamba wiki ya tano na baadaye ukapanuka. Mto Nyando ukikauka Januari, utasema haukufurika Aprili?

MwalimuWaLurambi

Nadharia isiyoweza kukanushwa na picha yoyote nayo ina kasoro yake ya kuzaliwa, ndugu.

BintiWaBungoma

Nyote wawili mmesahau upande wa tatu, na mimi naujua kwa sababu ulitutesa. Mtoto wa kaka yangu alianza kifafa akiwa na miaka miwili. Picha ya kwanza ilionyesha mshipa mnene wa kutisha umelala ndani ya ubongo upande wa kulia, na tukaambiwa ni fundo la ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (unaoirudisha) linaloweza kupasuka wakati wowote. Wiki tatu hatukumruhusu mtoto hata kukimbia uani, na bibi yake alikuwa akimbeba mgongoni kutoka chumba hadi chumba. Tulipopata MRI yenye picha za mishipa, daktari mwingine akatuketisha na kutuchorea. Ngozi ya juu ya ubongo wa mtoto mahali pale ilikuwa imejikunja vikunjo vidogo vidogo vingi mno, kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi uliovutwa, na bonde moja lilikuwa limezama ndani kupita kiasi. Mshipa ule ulikuwa vena tu, iliyobaki pana kama ilivyokuwa mtoto akiwa tumboni, kwa sababu bonde lililopaswa kufunga halikufunga. Haukuwa na shinikizo la ateri, na haukuwa na dalili ya kupasuka.

Daktari huyo alitumia maneno ninayoyakumbuka: kwamba vena hufuata umbo la ubongo kama kijito kinavyofuata bonde. Ubongo ndio uliotangulia kukosea. Alituonya pia kwamba mtu yeyote atakayetaka kuutoa mshipa ule tumkimbie, maana ndio unaotoa damu katika sehemu hiyo, na ukiufunga damu itakwama ndani.

PichaNaKivuli

Dada, umesimulia vizuri kuliko ripoti nyingi ninazozisoma, na onyo hilo wengi hawalijui. Kasoro ya mishipa inayoonekana mara nyingi kuliko zote kichwani ni ya jamii hiyo: vena ndogo ndogo zimekusanyika kama mizizi na kuingia katika shina moja. Mara nyingi mwenyewe huishi nayo hadi uzeeni bila kujua, tunaikuta tukitafuta kitu kingine, na haiguswi. Ila hata mtoto wenu hajamaliza ubishi. Wapo wanaosema vikunjo vile vidogo vyenyewe hutokea pale sehemu fulani ya ubongo inapokosa damu katikati ya ujauzito, halafu vena ikafuata. Kijito kinafuata bonde, lakini bonde lilichimbwa na nani?

FundiWaKondele

Kwa hiyo sasa tuna mshipa, ubongo, mama yao, na mchimba bonde. Mkulima aliuliza swali moja.

MamaNeema_Milimani

Sijawahi kuandika hapa. Wangu aliishi siku nne. Walisema vena kubwa katikati ya kichwa ilikuwa imeungana moja kwa moja na ateri, damu ikawa inapita kwa nguvu bila kufika ubongoni, na moyo wake ukachoka kuisukuma. Ilitajwa kwa jina la Galeni. Nimesoma baadaye kwamba mwaka 2023 kule Boston madaktari waliiziba kasoro kama hiyo mtoto akiwa bado tumboni, akazaliwa vizuri. Sina swali. Nilitaka tu kusema kwamba kwa wangu mshipa ndio uliotangulia, niliona kwa macho yangu.

SistaWaZamu

Pole sana, mama Neema. Hapa hakuna wa kubishana nawe. Jina hilo lenyewe lilikosewa na waliotangulia: mshipa unaovimba si vena ya Galeni halisi, bali ni mtangulizi wake, vena ya kiinitete ambayo ilipaswa kutoweka kabla mwezi wa tatu wa ujauzito haujaisha. Nawe hukuwa na namna ya kuihisi.

NyakachHalisi

Nimeacha mzaha. Nataka kuuliza kitu kwa niaba ya mleta uzi kwa kuwa naona anaona haya. Hukumu ya mama mkwe ni ipi? Kwetu nimesikia nne: sihoho, yaani jicho baya la mtu aliyemtazama mama mjamzito akila, odowa, kwamba mama alitafuna mawe mno, malaria ya miezi ya mwanzo, na kwa wazee kabisa, kwamba marehemu fulani anataka mtoto apewe jina lake na amejiandika usoni.

MkulimaWaNjoro

Ni odowa. Dada alikuwa akinunua kifuko cha shilingi kumi kila siku ya soko, na mama mkwe anasema jiwe limeziba mshipa.

SistaWaZamu

Odowa siipendi, kwa sababu huja na minyoo na uchafu wa madini, na mwenye hamu nayo mara nyingi ana upungufu wa damu ambao ndio wa kutibiwa. Lakini jiwe haliendi kwenye kondo la nyuma, na ateri za shingo za mtoto hujengwa katika wiki za mwanzo kabisa za mimba. Mwulize dada aliianza lini.

Kuhusu malaria niseme kwa uangalifu. Malaria katika ujauzito humpunguzia mtoto uzito na yaweza kumwua, na homa kali katika wiki za mwanzo imewahi kushukiwa katika kasoro kadhaa za kuzaliwa. Hata hivyo, kuiunganisha na PHACE sijaona msingi wake.

FundiWaKondele

Na vidonge vya asidi ya foliki? Mke wangu alivianza mwezi wa nne, sasa mmenitia hofu.

SistaWaZamu

Mwezi wa nne vinasaidia damu ya mama, ila kazi ile nyingine ilikuwa imepita. Bomba la neva hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua kama wana mimba, na ndiyo maana tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani utiwe foliki. Huzuia sehemu kubwa ya visa vya mgongo wazi. Haijathibitishwa kuzuia kasoro za mishipa tunazozizungumzia, kwa hivyo asijilaumu kwa hilo.

BabuWaMenengai

Bado hamjajibu habari ya maji.

MkulimaWaNjoro

Wapendwa, ripoti imetoka Jumanne. Dada aliianza odowa mwezi wa tano, nimemwuliza. Mtoto alilazwa kwa dawa ya usingizi, picha ikachukua karibu saa nzima, na akaamka akitafuta ziwa kwa hasira. Moyo na aota viko sawa, macho pia. Nusu ya kushoto ya serebela ni ndogo kuliko ya kulia. Ateri ya karotidi ya kushoto inapanda vizuri kutoka kifuani, halafu karibu na kitako cha fuvu inakuwa nyembamba kama uzi. Na juu ya hapo, ripoti inasema, damu inaingia kupitia ateri ya trijemina iliyobaki, kutoka katika ateri ya basila, ile inayopanda kwenye shina la ubongo.

PichaNaKivuli

Upande wa kushoto, karotidi mbovu, serebela ndogo, jukwaa la mafundi lipo. Mwalimu, nakuachia uwanja.

MwalimuWaLurambi

Shavu la kushoto, karotidi ya kushoto, na ateri ambayo ukuta wake haukujua wakati wa kuondoka. Asante kwa kunithibitishia.

BintiWaBungoma

Hawa wawili wangetazama mvua moja mmoja akasema imetoka Elgon na mwingine akasema imetoka ziwani. Mkulima, huo mshipa uliobaki ni mzuri au ni mbaya? Hilo ndilo ningeuliza mimi.

MkulimaWaNjoro

Niliuliza hivyo hivyo. Daktari alisema ulipaswa kufungwa zamani, lakini kwa jinsi mambo yalivyo sasa ndio unaoulisha upande huo wa ubongo, kwa hivyo hakuna atakayeugusa. Dawa ni propranololi, ile ya moyo, ambayo madaktari wa Bordeaux waliikuta kwa bahati mwaka 2008 ikifanya hemanjioma inywee. Kwa sababu inashusha presha, na ateri ni nyembamba, ataianza kwa kipimo kidogo sana, mara tatu kwa siku, akiwa wodini wakimpima mapigo, na wataipandisha polepole. Tumeambiwa asipewe kabla ya kunyonya, na akikataa ziwa au akitapika tuiruke dozi hiyo, kwa maana sukari yake ya damu inaweza kuanguka. Dada ameyaandika yote nyuma ya mlango.

SistaWaZamu

Maelekezo ni sahihi. Niongeze moja ambalo huenda halikusemwa: baadhi ya watoto wenye sindromu hii husikia kwa shida upande wa alama. Je, sikio la kushoto limepimwa?

MkulimaWaNjoro

Halijapimwa, sista. Jana mlango ulipogongwa na upepo alishtuka, lakini alikuwa amelalia kushoto. Nitawauliza Alhamisi.